Kuisema Temeke kwa Kifaransa

Nilipokuwa kijana nilifundisha darasa la pili katika shule ya misheni iliyokuwa Temeke. Mwingereza alikuwa bado ndiye mwenye nchi, na Temeke yenyewe ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, nyumba za udongo zimesimama hapa na pale kama watu wasiofahamiana. Mimi na mke wangu tulikuwa wageni. Tulitoka milima ya Upare, tukapanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja wa Kizaramo, mjane, ambaye mbali na kupangisha vyumba alikuwa mkunga. Nusu ya watoto niliowafundisha kusoma, mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa yake.

Mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza asubuhi moja ya masika. Bibi alikaa naye hadi adhuhuri, kisha akatoka uani akifuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto kakaa vibaya. Mie mambo haya nayajua, na hili limenishinda. Mpelekeni mjini, tena sasa hivi."

Kusema mjini ni rahisi. Gari halikuwepo. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne tukakibeba, mvua ikitupiga na tope likitung'ang'ania miguu. Tulipofika Keko mabega yalikuwa yamekwisha. Seremala mmoja, ambaye sikumjua wala hakunijua, alikuwa ndiyo kwanza amepakia kabati kwenye mkokoteni amfikishie mteja wake. Alipotuona hakuuliza neno. Alilishusha kabati lile matopeni, akatandika magunia, akashika mpini mmoja, nami nikashika wa pili.

Tulifika hospitali alasiri. Mke wangu alipona. Mtoto, wa kiume, hakuvuta pumzi hata moja.

Siku zilizofuata siwezi kuzieleza vizuri. Nakumbuka tu kwamba mke wangu hakulia mbele ya watu. Alipopata nguvu za kusimama alifagia chumba, akatoa nguo ndogo alizokuwa amezishona, akampa jirani aliyekuwa na mimba. Mimi nilirudi darasani nikafundisha jedwali la mara mbili.

Mwaka uliofuata mchungaji wa misheni yetu aliniita. Alikuwa Mswisi, mtu mrefu, mwenye ndevu za rangi ya mahindi makavu, aliyekaa Upare miaka mingi kabla ya kuletwa Dar es Salaam. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema kwa lafudhi ya milimani kama sisi. Akanieleza kwamba anakwenda kwao likizo, yeye na mkewe, na wakuu wa misheni wanataka afuatane na mwalimu Mwafrika, azungumze na watu wa makanisa ya huko. Tungezunguka mji wa Geneva na vijiji vya kando ya ziwa lake kwa gari.

"Na malazi?" nikauliza.

"Mumo humo garini," akasema, akacheka. "Ni nyumba yenye magurudumu, Mwalimu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua kukataa. Mke wangu sikuwa na moyo wa kumwacha. Nilipomweleza, alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Nenda," akasema.

"Nikawaambie nini Wazungu?"

"Waambie habari ya mkokoteni. Waambie hapa Temeke tunataka mkunga aliyesoma, na chumba cha kuzalia."

"Hayo ni mambo ya ndani mwetu."

Hapo ndipo alipouweka ungo chini. "Mtoto alikuwa wa ndani mwetu," akasema. "Barabara ni ya watu wote. Wewe nenda ukaseme."

Basi nikaenda. Bibi mwenye nyumba aliposikia kwamba Wazungu wenye magari hulala ndani yake, alimhurumia sana mchungaji. "Masikini," akasema, "kumbe na yeye hana kwao."

Safari ya meli niiache. Nilitapika mpaka Suez. Tulipofika Geneva tulipokewa na mdogo wake mchungaji, fundi wa magari. Yeye ndiye aliyetutengenezea nyumba yetu. Alikuwa amenunua gari kuukuu la jeshi lililobeba majeruhi wakati wa vita, akalitoboa madirisha na kuyatia mapazia ya maua. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya mbao upande wa nyuma kwa ajili ya mchungaji na mkewe, meza ya kukunja, jiko la spiriti, tangi la maji, na benchi nyuma ya kiti cha dereva. Benchi lile lilikuwa langu. Lilikuwa fupi kuliko mimi, kwa hiyo nililala nimejikunja kama mtoto tumboni, au nimeegemeza nyayo kwenye mlango. Kati yetu kulikuwa na pazia la kijani, na pazia halizuii mkoromo.

Mjini Geneva tulikaa siku chache tu mwanzoni. Niliona ziwa likitoka chini ya madaraja na kugeuka kuwa mto, maji yake mangavu hata ukaona mawe chini. Niliona tramu zikipishana bila kugongana na bata maji weupe wakubwa ambao hakuna mtu aliyefikiria kuwala. Mke wa mchungaji alinionyesha yote haya kwa maneno machache. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele zilizobanwa kisogoni, na kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu kama mimi. Kule Upare alikuwa amezika watoto wawili kwa homa, jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake.

Kisha tukaanza kuzunguka, ziwa likiwa mkono wetu wa kulia. Mchungaji aliendesha katikati ya barabara kama alivyozoea Upare, ambako gari lingine hupita kwa wiki mara moja. Mkewe alishika mpini wa mlango na kufumba macho. Upande wa kushoto mashamba ya zabibu yalipanda mlima ngazi kwa ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe, na mimi mtu wa milima niliyaangalia mawe yale nikawaza migongo iliyoyapanga. Ng'ambo ya maji kulikuwa na milima yenye theluji katikati ya kiangazi. Tulisimama palipotupendeza, chini ya mti au kando ya kanisa. Asubuhi nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji kwenye chemchemi ya kijiji, iliyomwagika mchana kutwa katika birika la mawe bila mtu kuipangia foleni. Mara moja askari polisi alikuja kuchungulia dirishani nikiwa bado nimelala. Alipoona miguu yangu kwenye kioo cha mlango alipiga saluti, sijui aliisalimu miguu au mimi.

Kila jioni ilikuwa na kijiji chake. Watu walijaa katika ukumbi wa kanisa, mchungaji akawasha mashine yake ya picha, na ukutani wakapita twiga, tembo, Wamasai wameruka juu, maporomoko ya maji, halafu tembo tena. Picha ya Temeke haikuwepo hata moja. Jioni ya kwanza alikuwa ameniletea ngozi ya chui nivae begani.

"Mchungaji," nikamwambia, "chui huyu sikumuua mimi. Na suti hii nimeshonewa Kariakoo kwa ajili ya safari hii."

Akacheka, akaitandaza ngozi mezani pamoja na mkuki na ngao. Sikuona vibaya. Mezani ni mezani.

Baada ya picha nilisimama mimi. Nilisema kwa Kiswahili, sentensi mbili tatu, kisha nikanyamaza, naye akatafsiri kwa Kifaransa. Niliwaeleza shule yetu ilivyo. Niliwaeleza mihogo na minazi, na watoto wanaotembea kutoka Keko na mbali zaidi kuja kusoma. Halafu, kama nilivyotumwa, niliwaeleza habari ya mkokoteni. Sikumwacha yule seremala na kabati lake, na kila mara niliimaliza. Niliona wanawake wakiweka mikono mdomoni. Niliona wanaume wakisogea mbele vitini. Nikasema moyoni, mke wangu, wanasikia.

Katika mji wa Vevey, baada ya mkutano, alinijia mwanamke mmoja aliyejua Kiingereza. Alinishika mkono kwa upole sana.

"Samahani kukuuliza," akasema. "Yule chui, walimwua baadaye?"

"Chui gani, mama?"

"Yule aliyewafuata msituni, mlipokuwa mmembeba mkeo kwenye machela."

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna msitu, hakuna machela, kuna barabara ya Keko na magunia yaliyolowa. Lakini nyuma yake watu walikuwa wamepanga mstari wanipe mkono. Nikasema, "Hapana, mama. Hawakumwua."

Sikulala. Asubuhi mke wa mchungaji alikuwa nje akianika taulo, mchungaji amekaa kwenye ngazi ya gari akinyoa shingo mbele ya kioo kidogo. Nikasimama mbele yake.

"Mchungaji, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Chui ametoka wapi?"

Wembe ulisimama shingoni. Hakujifanya hajaelewa, na kwa hilo namsifu mpaka leo.

"Mwalimu," akasema polepole, "watu hawa ni wema. Lakini jioni wamechoka, wametoka mashambani. Mkokoteni hapa kila mkulima anao, anabebea viazi. Ukiwaambia mkokoteni, wataona viazi. Nilitaka waione hatari."

"Hatari waliiona. Ila si yetu."

"Lengo ni lile lile. Wakisikitika watasaidia."

"Watasaidia nini? Wataleta bunduki ya kumpiga chui," nikasema. "Mke wangu hakutishwa na chui. Mtoto alikaa vibaya na hospitali ilikuwa mbali. Kama kila mkulima hapa ana mkokoteni, vizuri sana. Mwache kila mmoja amwone mkewe juu ya mkokoteni wake mwenyewe."

Akapangusa sabuni. "Sasa unataka nini? Nisitafsiri?"

"Ndiyo. Usitafsiri. Nitasema mwenyewe."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwa Kifaransa."

Alitaka kucheka akajizuia. Mkewe alikuwa ameacha kuanika, taulo lingali mkononi linadondosha maji. Alikuwa amesikia yote, maana Kiswahili alikijua kuliko mumewe. Alimwambia mumewe neno moja kwa lugha yao, neno fupi, na mchungaji akainuka akaenda kutembea ufukweni na uso wake nusu umenyolewa. Kisha mkewe akanigeukia mimi.

"Viazi havijamenywa," akasema. "Njoo. Tutaanza na viazi."

Ndivyo nilivyoanza shule upya nikiwa mtu mzima. Tulimenya viazi, akanifundisha kusema mke wangu. Tuliosha vyombo, akanifundisha kusema mvua, tope, kubeba, kusukuma. Gari likienda, yeye alikaa karibu na benchi langu, akapiga kijiko cha mbao kwenye ukingo wa sufuria kila nilipokosea. Nilikuwa na Kipare changu, Kiswahili changu, Kiingereza changu, nikadhani lugha ni lugha. Kifaransa kilinionyesha kazi. Kina sauti za puani ambazo kwetu mtu huzitoa akiwa na mafua. Kina herufi zilizoandikwa ili zisisomwe. Mara nyingi nilitaka kumwita mchungaji nimwambie, basi, endelea wewe, mrudishe chui, hata na simba. Ndipo nilipomkumbuka mke wangu alivyouweka ungo chini.

Mkutano wa kwanza niliosema peke yangu ulikuwa katika kijiji cha wakulima wa zabibu, juu sana mlimani, gari letu likapanda likihema. Nilisimama. Sentensi tatu za kwanza zilipita salama. Nikafika penye mkokoteni. Katika Kifaransa neno la mkokoteni na neno la soksi yanafanana masikioni mwa mgeni, na mimi, kwa sauti niliyoikuza kama darasani, nikawatangazia watu wale kwamba nilimpeleka mke wangu hospitali juu ya soksi.

Kicheko kilianzia kwa watoto, kikapanda. Mzee mmoja wa mbele alifuta machozi. Nikamwona mchungaji anainuka kitini kuja kuniokoa, na nikajua kabisa kwamba akifika mbele sitasema tena, si pale wala kijiji kingine chochote. Nikamwinulia kiganja akae. Akakaa.

Nikatoka nyuma ya meza. Nikainama, nikashika mipini miwili isiyokuwepo, nikasukuma. Nilisukuma kuukata ukumbi ule toka mlangoni hadi dirishani, miguu ikiteleza kama ilivyoteleza siku ile, nikitazama chini mbele yangu mahali alipolala mke wangu. Sikuigiza. Mikono yangu iliujua uzito wenyewe. Nilipofika dirishani hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akalitaja neno lile sawasawa, kwa sauti ndogo, kunisaidia. Nikalirudia baada yake. Ukumbi mzima ukalirudia nami, kama darasa la pili. Halafu nikaendelea hadi mwisho, nikasema mtoto alikuwa wa kiume.

Tulipofika chini ya mlima mchungaji alisema, bila kugeuka, "Watu hawa nimewafahamu tangu utoto. Sijawahi kuwaona wakinyamaza hivyo." Kesho yake, alipokuwa akisafisha mashine yake, nilimwona akitoa picha za tembo. Alibakiza moja. Nikamwachia.

Kwa wiki kadhaa tulizunguka hivyo. Lausanne, Montreux, vijiji ambavyo majina yake yameniponyoka. Kifaransa changu kilikuwa kibovu na kilibaki kibovu, ila soksi haikurudi. Mahali pengine watu walitusikiliza, pengine walisinzia, na kijiji kimoja walituuliza kama tunacho kitu kuhusu simba. Nikawajibu kwamba simba sijawahi kumwona. Ilikuwa kweli.

Safari iliishia Geneva tulikoanzia, katika ukumbi mkubwa mbele ya kamati ya misheni: wazee wa makoti meusi waliokaa safu ya mbele. Gari-nyumba letu tuliliegesha kando ya ziwa, nikavalia suti yangu ndani yake nimeinama, maana dari lilikuwa chini, na mke wa mchungaji akaninyoosha kola.

Ukumbini nilikuta wenyeji wamekwisha kupamba jukwaa. Mkuki, ngao, ngozi, na kigoda katikati nikalie. Nilimwambia katibu wao kwa adabu kwamba nitasimama, na kwamba vile vitu viondolewe. Akasema ni desturi, watu wanavipenda. Nilikuwa natafuta maneno ya Kifaransa ya kumjibu, mchungaji akapita kati yetu bila kusema lolote, akaikunja ngozi ya chui, akaitia kwapani, akachukua mkuki kwa mkono wa pili, akatoka navyo mlango wa nyuma. Katibu akabaki ameshika ngao.

Nikasema. Sikusema vizuri kuliko siku zote. Nilimaliza kwa ombi kama nilivyotumwa: mkunga aliyesoma, na chumba.

Wazee walinipigia makofi. Mmoja akasimama, akashukuru, akasema kamati itaomba sana juu ya jambo hili, na kwamba mwakani inatarajia kupeleka mhubiri wa pili. Nikaona jambo langu linafunikwa taratibu kama maiti. Ndipo mwanamke mmoja aliposimama katikati ya ukumbi. Alikuwa mnene, wa makamo, amevaa viatu vya kazi. Alikuwa mkunga katika hospitali ya mjini. Alisema haraka mno kwangu, mke wa mchungaji akaja kusimama kando yangu kunitafsiria, naye nilimwamini.

"Nani alikuwa na mkeo nyumbani?" mkunga akauliza.

"Bibi mwenye nyumba wetu."

"Alisomea?"

"Hapana. Lakini amezalisha Temeke nzima."

"Na ndiye aliyejua kwamba mtoto amekaa vibaya?"

"Ndiye."

"Alijua mapema au alichelewa?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Alijua adhuhuri," nikasema. "Sijui kama aliyesoma angejua asubuhi."

"Angejua," mkunga akasema. Hakulipaka sukari jibu lake, na sikumchukia. "Sasa sikiliza. Mimi siji kwenu. Nina mama mgonjwa. Na hata nikija, nitakaa miaka miwili najifunza kumwambia mwanamke asukume. Huko wanawake wapo. Wanaojua kusoma wapo?"

"Wapo. Mke wangu mmojawapo."

"Misheni yenu ina hospitali?"

"Ipo moja, Upare."

Akageukia safu ya mbele. Aliyowaambia wale wazee mke wa mchungaji alinitafsiria kwa kifupi: wanawake wawili wa Temeke wafundishwe ukunga huko huko Upare, kisha wapewe chumba, na yeye atakuja kila kikao cha kamati kuuliza jambo limefikia wapi, mpaka watakapochoka kumwona. Mzee wa kwanza akasema jambo hilo litafikiriwa. Mkunga akasema atasimama hapo wakifikiri. Akasimama kweli. Watu wakaanza kutazamana. Wazee wakainamisha vichwa, wakanong'onezana, mmoja wao akaandika, na ndipo mkunga alipokaa.

Nilirudi Dar es Salaam wakati wa vuli. Bibi alinipokea mlangoni, akanizunguka, akasema nimekonda kama mtu aliyelala garini. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wawili," akasema. "Wa kwanza mimi. Wa pili nani?"

Tulimwomba Bibi mwenyewe, akakataa. "Mie macho yangu hata tundu la sindano hayalioni. Mchukueni binti yangu. Ana akili, na mume hana." Mkuu wa misheni mjini alipoona jina la Kiislamu alisita. Nilikwenda ofisini kwake kila baada ya masomo. Nilimwambia kwamba watu wa Geneva niliwaomba mkunga wa Temeke, na Temeke ni ya nani kama si ya hao. Alinizoea kama anavyozoewa nzi, na mwishowe akakubali, kwa masharti ambayo binti wa Bibi aliyasikiliza kwa adabu na kuyafuata aliyoona yanafaa.

Waliondoka pamoja kwa basi kwenda Upare. Mimi nikabaki Temeke nikijipikia, watu wakinicheka waziwazi. Kwenye baraza la gahawa walisema, "Mwalimu kaoa, mkewe kaenda shule, yeye kabaki na mwiko." Niliwaitikia na kupita. Likizo zilipofika nilipanda basi nikaenda kumwona, nikamkuta amekonda, vidole vimepauka kwa dawa, anasoma hata akila. Aliniuliza habari za darasa langu kidogo, kisha akaniambia kwa dakika nyingi namna ya kumpapasa mama na kujua kichwa cha mtoto kiko wapi. Alishika mkono wangu akanionyesha juu ya mto wa kitanda.

Waliporudi walipewa chumba kimoja nyuma ya shule, chenye sakafu ya saruji na dirisha la wavu. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Wanawake walipita wakachungulia, wakaenda zao kwa Bibi, na Bibi akawa anawashika mkono mmoja mmoja na kuwaleta, akikaa mlangoni kuhakikisha hawatoroki. Baada ya hapo hawakuhitaji kuletwa. Si wote waliopona; mke wangu aliwakumbuka waliokufa na alikuwa akiwataja katika sala, mmoja mmoja. Lakini alijua asubuhi lililo la adhuhuri, na waliohitaji hospitali walikwenda mapema, kwa gari la misheni ambalo mchungaji alikubali kulilaza Temeke baada ya mke wangu kumwendea mara nyingi kuliko nilivyomwendea mkuu wake mimi. Binti yetu alizaliwa mle mle chumbani, mikononi mwa binti wa Bibi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nafundisha, na darasa zima lilinyamaza kusikiliza.

Kazi ilipovuka Temeke na kufika Mtoni na Mbagala, mke wangu alisema anataka baiskeli. Nikamwambia hajui kuendesha. Akasema ndiyo maana anaitaka sasa, wakati wa likizo, uwanja wa shule ukiwa mtupu. Alianguka, akachubuka magoti yote mawili, akakataa nimshikie kiti. Watoto wa jirani walikaa kwenye ukingo wa uwanja wakimshangilia kama mechi. Jumatatu iliyofuata, mapema, alifunga mkoba wake nyuma, akapandisha kidogo gauni lake jeupe la ukunga, akasukuma kwa mguu mmoja, akayumba mpaka kwenye njia ya Mtoni. Hapo akakaa sawa, akaenda.